Maji ya batiki yanaingia mtoni, huu unga wa jua unasaidia kweli?

MamaBatiki_Kario

Hamjambo wapendwa. Naomba mnisaidie na tafadhali mtu asinijibu haraka haraka juu hii maneno inaninyima usingizi.

Natengeneza batiki na tai-dai hapa Kariobangi, tuko kina mama wanne kwa kibanda kimoja, huu ni mwaka wa saba. Siku ya kazi nyingi tunamwaga kama jerikeni kumi na tano za lita 20, mengi ni maji ya kusuuza lakini yale ya kwanza kutoka kwa karai yanakuwa yamekolea kabisa, na yote yanaenda kwa mtaro wa nyuma na mtaro unaingia mtoni. Miaka yote sikufikiria sana. Sasa wiki mbili zimepita tulipata oda ya kanisa, vilemba mia mbili vya zambarau, tukamaliza usiku, asubuhi nikipita kwa daraja la miguu nikaona mstari wa zambarau umeshikana na ukingo unaenda mpaka kona, na hiyo zambarau naijua, nimeichanganya na mikono yangu. Hapo chini kulikuwa na mtoto anaosha viatu vya shule. Nilirudi nikakaa kwa stuli sikugusa kitu mpaka saa tano.

Kijana wangu yuko kidato cha nne, akaniambia kuna unga wa nano unaitwa titani dayoksaidi, unaweka kwa maji ya rangi, unaanika kwa jua, rangi inaisha na hakuna stima inatumika. Nikaenda duka la malighafi ya rangi za nyumba nikanunua kilo moja, nikaweka vijiko viwili kwa chupa ya lita mbili, nikaacha juu ya mabati siku tatu. Maji yamegeuka kama maziwa ya zambarau na hakuna kingine. Je, nilikosea wapi, ama hii kitu ni ya kwenye vitabu tu? Na kama inafanya, inaeza saidia mtu wa kiwango changu ama ni ya viwanda?

kemia_ya_jua

Mama pole sana. Kijana wako amekuelekeza vizuri, shida ni unga ulionunua. Mimi hii ndio nafanyia masomo ya uzamili, nimekaa na hizi chupa mwaka mzima kwa hivyo acha niandike ndefu kidogo.

Titani ya rangi ya nyumba na titani ya kusafisha maji ni ndugu wa tumbo moja lakini mmoja amefungwa mikono. Umewahi kupitisha kiganja kwa ukuta mweupe wa kitambo, ule unaopigwa na jua la mchana, kikabaki na unga kama wa chaki? Hiyo ni titani ndani ya rangi, jua limeiamsha ikaanza kula gundi iliyoishikilia. Wenye viwanda vya rangi walijua hiyo shida zamani sana, ndio maana wanatumia aina inaitwa rutaili, chembe za kama nanomita 200 mpaka 300 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), na kila chembe wanaivalisha koti jembamba la alumina na silika ndio isile kitu. Sasa wewe umechukua unga uliotengenezwa usifanye kazi ukauambia ufanye kazi. Ungeweka hata mwezi.

Inayotakikana ni aina ya anatasi, haina koti, chembe zake ni ndogo zaidi, nanomita 20 au 30 hivi. Ile maarufu kwa maabara inaitwa P25, ni mchanganyiko wa anatasi kama asilimia 80 na iliyobaki rutaili, na gramu moja tu ya huo unga ukiutandaza uso wote wa chembe zake unapata kama mita 50 za mraba. Ndio maana ya nano, si jina la biashara, ni kwamba kazi yote inafanyika kwa ngozi ya chembe na chembe ikiwa ndogo ngozi inakuwa nyingi.

Sasa inafanya aje. Mwanga ukipiga chembe, elektroni moja inaruka kutoka mahali pake na inaacha shimo. Shimo hilo lina njaa, linanyakua elektroni kutoka kwa maji yaliyo karibu na hapo kunazaliwa kitu inaitwa redikali ya haidroksili. Hiyo haichagui, ikikutana na molekuli ya rangi inaimega, inamega vipande tena, na ikipewa muda wa kutosha mwisho wake ni hewa ya kaboni, maji na chumvi chumvi kidogo. Elektroni iliyoruka nayo inashikwa na oksijeni iliyo ndani ya maji, ndio maana lazima ukoroge, maji yakikosa hewa kazi inalegea. Wajapani wawili, Fujishima na Honda, ndio walionyesha 1972 kwamba titani ikimulikwa inaweza kupasua maji, na hapo ndipo hii sayansi yote ilishika moto.

Kikwazo kimoja ni kwamba si mwanga wowote unaeza kuifungua. Anatasi inataka UV, ule mwanga wa jua ambao jicho halioni, mawimbi mafupi kuliko nanomita 387, na hiyo kwa jua lote ni kama asilimia 4 au 5 peke yake. Huku tuna bahati, tuko karibu na ikweta na mita kama 1,700 juu ya bahari, UV yetu ni kali kuliko ya Ulaya mbali sana. Lakini Julai ile ya mawingu kutwa, usitegemee.

Niandikie unatumia rangi gani, ya kostiki na haidro, zile kemikali mbili za kuyeyusha rangi, ama ya chumvi na soda? Jibu hapo linabadilisha kila kitu.

MamaBatiki_Kario

Asante sana mwanangu, sasa nimeelewa ile kuta ya nje ya nyumba yetu. Tunatumia zote mbili. Batiki tunafanya na ya kostiki na haidro, tai-dai na hivyo vilemba tulitumia ya chumvi na soda juu ni rahisi kwa oda kubwa.

Fundi_Mitaro

Dada, salaam. Mimi ni mtu wa Pwani lakini nimekaa Nairobi miaka mingi, na zaidi ya kumi nilikuwa kwenye mtambo wa maji taka wa kiwanda cha nguo, sitakitaja. Nimesoma aliyoandika kijana hapo juu na yote ni kweli, ila nataka niseme jambo ambalo watu wa maabara wanalipita haraka. Maji yao ni maji safi yenye tone la rangi. Maji yako wewe yana rangi, chumvi, soda, nta, uchafu wa kitambaa na sabuni. Ile redikali, kama kijana hajakosea, haichagui, basi itakula sabuni kwanza, itakula kabonati ya soda, na rangi itangoja zamu.

Tena maji yakiwa meusi mwanga hauingii. Chukua maji yako ya karai uyatie kwenye glasi uyaangalie dhidi ya dirisha, kama huoni kidole chako upande wa pili basi na jua halioni. Unga wa chini utakaa gizani kutwa.

Kwa hiyo jua liwe la mwisho, lisiwe la kwanza. Hapo ndipo naona watu wengi wanapokosea, wanasikia nano wanadhani ni dawa ya kumaliza kila kitu kwenye pipa moja. Wewe gawanya maji yako mara tatu. Maji ya karai peke yake. Maji ya suuza ya kwanza peke yake. Maji ya suuza ya mwisho, yale yaliyo karibu kuwa meupe, usiyamwage kabisa, yaweke yawe maji ya suuza ya kwanza ya kesho. Jambo hilo moja tu lingeweza kukupunguzia jerikeni kadhaa na halikugharimu hata shilingi. Pale kiwandani nililipigania miezi na hawakunisikiliza, meneja alitaka rangi isionekane siku ya ukaguzi basi, akawa anaagiza klorini imwagwe kwenye tangi. Rangi ilikuwa inatoweka kweli. Lakini klorini ikiungana na hizo rangi inazaa vitu vingine vibaya ambavyo jicho haliwezi kuona, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua ile bomba. Nilitoka kazi hiyo sina amani.

Nasema hivyo ili mjue, rangi kutoweka si maji kusafika.

kemia_ya_jua

Hapo kwa Fundi ndio penyewe kabisa na naomba kila mtu apasome mara mbili.

Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo, yaani nitrojeni mbili zimeshikana katikati ya molekuli na hapo ndipo rangi inatoka. Ukikata hicho kiungo tu, macho yanaona maji safi lakini vipande bado viko. Hizo rangi zikiingia kwa matope ya mto mahali hakuna oksijeni, bakteria wanakata hicho kiungo na kuacha amini za aromatiki, hazina rangi, na baadhi yake zinaleta saratani. Redikali ya titani inaenda mbele zaidi inamega hata hizo amini, lakini rangi ikiisha saa nane mchana, kumaliza vipande inaeza chukua mara mbili ama tatu ya huo muda. Kwa hivyo usitoe chupa kwa jua dakika rangi inapotea. Na siku moja peleka sampuli wapime COD, yaani oksijeni inayohitajika kumaliza uchafu kwa kemikali, ndiyo inakuonyesha mzigo uliobaki hata kama maji ni meupe. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka COD ya maji yanayoachiliwa kwa mazingira isizidi miligramu 50 kwa lita, na BOD, ile oksijeni inayoliwa na bakteria wakila uchafu, isizidi 30. Hiyo ni kidogo sana mama, sitaki nikudanganye, maji ya karai la rangi yanaeza kuwa mara mia ya hiyo.

Sasa kuhusu rangi zako mbili. Ya chumvi na soda ndiyo ngumu. Inashikana na pamba yenyewe, lakini sehemu yake inashikana na maji kabla ifike kwa kitambaa, na hiyo haiwezi kushika tena hata ufanye nini, inaenda na suuza. Kati ya asilimia 10 na 50 inapotea hivyo kulingana na rangi na namna unavyofanya. Inayeyuka kabisa, haitulii chini, shabu inaitoa kidogo tu. Hii ndiyo jua na unga unaeza kusaidia sana, kwa maji ya suuza. Ila chumvi haitatoka, hiyo jua haligusi.

Ya kostiki na haidro sina uzoefu nayo sana, naachia wenye wanaitumia.

Mama_Nta

Dadangu mimi niko upande wa Rongai, batiki nimefanya tangu kabla watoto wangu wazaliwe. Hiyo ya kostiki na haidro usihangaike na unga wowote. Umewahi kuona ule utando unaofanya juu ya karai ukiacha usiku, unang'aa kama shaba iliyopakwa mafuta? Hiyo ni rangi imekutana na hewa ikarudi kuwa kitu kigumu. Haidro ndiyo inaifanya iyeyuke, haidro ikiisha nguvu rangi haiwezi kukaa kwa maji tena, inaanguka.

Sasa mimi nina pipa la lita 200 limekatwa juu, namwaga maji ya kostiki yote humo na nakoroga na mti asubuhi na jioni siku mbili tatu, nakoroga kweli mpaka inatoa povu. Harufu ile ya kuchoma pua inaisha polepole. Halafu natwanga shabu, nayeyusha kwa maji ya vuguvugu, naongeza kidogo kidogo nikikoroga taratibu, na shabu inafanya kazi mbili juu inapunguza ule ukali wa kostiki na pia inakusanya rangi iwe mabonge kama maziwa yamekatika. Nakuwa na zile karatasi za kupima pH, yaani ukali wa maji, nikifika saba, katikati ya asidi na kostiki, naacha. Asubuhi ukiangalia juu ni maji unaeza kuona chini ya pipa, chini ni tope. Tope nakausha kwa gunia, nalitoa na wale wachukuzi wa taka wenye leseni. Usiweke shamba hata kama linafanana na udongo mzuri.

Na tafadhali glavu. Kostiki imenila ukucha wa kidole gumba, huu wa kulia, haujawahi kumea sawa.

mkaazi_wa_njiru

Mimi sina biashara ya rangi, nimeingia hapa juu naishi huku chini. Huo mto wenu ukitoka Korogocho unapita Dandora unakuja huku kwetu, watu wanamwagilia sukuma na hiyo maji, baadaye unaingia Athi na maji yanaendelea mpaka Sabaki kule Malindi baharini. Kwa hivyo asante mama kwa kuuliza hili swali, ni mara ya kwanza nasikia mtu wa juu anauliza.

Swali langu ni moja. Huo unga wa nano wenyewe ukimwagwa pamoja na maji si unakuja kwetu pia? Tutakuwa tumetoa rangi tumeweka unga?

kemia_ya_jua

Swali muhimu sana hilo, na ndilo limefanya hii teknolojia ibaki kwa maabara muda mrefu. Chembe za nanomita 20 hazitulii zenyewe haraka na kitambaa hakizikamati. Kuna njia mbili. Moja, ukishamaliza unaleta pH kati ya sita na saba, hapo chembe za titani zinapoteza chaji zinashikana zenyewe zinaanguka, unaacha usiku mzima, unamwaga maji ya juu taratibu na unga unautumia tena. Mbili, na hii ndio naipenda, usiuweke ndani ya maji kabisa. Unaupaka kwa kioo ama kigae, unachoma kwa nyuzi kama 450 ushike, halafu maji ndiyo yanapita juu yake yakiwa membamba. Inafanya polepole kuliko unga unaoelea juu uso ni kidogo, lakini hakuna kitu inaenda Njiru. Kule Almería Uhispania wana kituo cha utafiti wa jua ambacho kimefanya haya mambo miaka mingi, na mirija ya kioo yenye vioo vilivyopinda nyuma yake kukusanya mwanga, kwa hivyo si ndoto.

Watu watakuambia utumie zinki oksaidi juu inapatikana rahisi. Inafanya, hata wakati mwingine haraka kuliko titani, lakini kwa maji makali ya kostiki ama ya asidi inayeyuka na zinki inaenda na maji, na samaki hawaiwezi. Mimi singeiweka karibu na mto.

Na unapopima unga kavu funga mdomo na pua, ulowanishe kwanza. IARC, shirika la utafiti wa saratani, waliweka vumbi la titani dayoksaidi kwa kundi la 2B, yaani inawezekana inaleta saratani ikivutwa. Ikishalowa hiyo hatari ya vumbi haipo.

Mama, nina gramu chache za anatasi zimebaki kwa kazi yangu, nitakupa tano. Fanya na chupa nne za plastiki angavu, lita moja moja, tatu za kwanza maji ya suuza ya vilemba. Ya kwanza weka gramu moja ya unga na jua. Ya pili jua bila unga. Ya tatu unga lakini ifunge na nailoni nyeusi kabisa. Ya nne maji ya karai, unga na jua. Tingisha kila nusu saa, anza saa tatu asubuhi maliza saa tisa. Ile ya nailoni usiiache, ni ya maana kuliko zote.

MamaBatiki_Kario

Nimerudi. Nimefanya siku mbili, Jumanne na Jumatano, jua lilikuwa zuri Jumanne, Jumatano likafunika kutoka saa saba.

Ya kwanza, saa sita Jumanne ilikuwa imekuwa ya waridi hafifu, saa tisa unaona kama maji ya mchele. Jumatano ikawa nyeupe. Kijana wangu alitoka shule akakimbilia mabati kabla avue yunifomu. Ya jua bila unga, sikuona tofauti na ya asubuhi. Ya karai haikusogea hata kidogo, vile Fundi alisema, zambarau ni ile ile.

Sasa ile ya nailoni nyeusi. Nilipoifungua nayo ilikuwa imepauka kidogo, nikashtuka, nikadhani basi jua halina kazi. Nikaiacha itulie usiku. Asubuhi unga uliolala chini ulikuwa wa zambarau, kama poda ya uso imemwagikiwa wino. Na wa ile chupa ya kwanza ulikuwa mweupe. Ndio nikaelewa kwa nini ulinisisitizia, kijana.

kemia_ya_jua

Mama umeona kitu ambacho wanafunzi wengine wanamaliza muhula hawajaona. Kwa giza unga ulishika tu rangi kwa ngozi yake kama sponji, haukuiharibu. Kwa jua uliishika ukaila, ndio maana ukabaki mweupe. Mtu akikuuzia unga wowote wa kusafisha maji, mwombe akuonyeshe chupa ya giza.

Sasa hesabu ya ukweli. Lita 300 kwa siku, ukiyatandaza kina cha sentimita tano ndio mwanga ufike chini, unataka mita sita za mraba. Na ukitumia gramu moja kwa lita ni gramu 300 za anatasi, sio bei rahisi hata kama unaurudisha. Ukifanya vile Fundi alisema ukapunguza suuza ya kutibiwa iwe lita 80, unataka kama mita moja na nusu na gramu 80. Hiyo inaenea juu ya kibanda.

Fundi_Mitaro

Na mimi nitakuja. Jumamosi alasiri sina kazi. Nina mapipa mawili ya plastiki na bomba la kumimina maji ya juu bila kusumbua tope, nitakuletea dada yangu usilipe kitu. Tuanze na pipa la kostiki kwanza, hilo ndilo litazuia maji mengi kuliko chochote. Hilo trei la jua tutalijenga baadaye tukishajua suuza zimebaki lita ngapi. Na yule kijana wako awepo, nataka nimwonyeshe namna ya kusoma karatasi ya pH.

MamaBatiki_Kario

Karibu sana kaka, tutapika. Kina mama wenzangu wameshakubali, tumenunua ndoo tatu na kila moja tumeipiga alama ya rangi tofauti kwa mfuniko ndio mtu asichanganye. Leo ni siku ya kwanza suuza ya mwisho haijaenda kwa mtaro, tumeiweka, jerikeni sita, imefunikwa hapo kwa kona inangoja kesho.